Mama Alipoomba Nirudie Mwaka wa Nne

Mikutano ya kazini kwangu siku hizi huanza na mlio mdogo wa kompyuta, kila mtu anapoingia. Wenzangu hawausikii tena, wameuzoea. Mimi bado hunyoosha mgongo, na mara moja moja miguu hutaka kusimama yenyewe, nikaikanya chini ya meza. Msinicheke bado. Ngojeni kwanza niwaeleze tabia hii ilikotoka.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa nne wa shule ya msingi, korona ilipotufungia ndani. Tuliishi ugenini, mtaa wa wahamiaji wa Cabramatta, mimi na mama peke yetu, juu ya duka la vitambaa lililokuwa limeteremsha mlango wake wa chuma. Baba alifariki katika kambi ya wakimbizi Burundi kabla sijajua kumwita. Mama alifanya kazi kwenye ghala moja kule Smithfield, zamu ya jioni, akivaa vidude vya masikioni vilivyomwambia kwa Kiingereza achukue boksi gani kutoka rafu gani. Akienda kazini nilibaki kwa Anti Njeri, jirani yetu Mkenya, muuguzi katika nyumba ya wazee, ambaye chai yake ilikuwa na maziwa mengi na sukari ya kutosha kijiko kusimama.

Asubuhi ilikuwa shule, na shule ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula. Watoto wengine walisoma wakiwa na nguo za kulalia. Rafiki yangu Linh aliwahi kusoma siku nzima akiwa amejifunika blanketi, yakaonekana macho tu. Mimi nilivalishwa sare kamili: sketi, soksi, na viatu vilivyong'arishwa, ingawa kamera haikuwahi kuviona. Na ule mlio ukilia, uso wa mwalimu wetu, Miss Harris, ukitokea, ilinibidi nisimame. Kwao Uvira, mama alisema, mwalimu akiingia darasani watoto husimama, humsalimu, na hukaa wanapoambiwa wakae. Huyu wetu kuingilia kwenye kioo cha kompyuta hakukubadilisha kitu. Basi kila siku darasa zima liliona kifua cha sare kikipanda na kushuka. Miss Harris, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, hakuuliza hata mara moja.

Mama mwenyewe alikaa ubavuni kwangu, nje ya kamera, kwenye kiti cha plastiki, akichagua maharage kwenye sinia. Alinukia maboksi na ile dawa ya kutakasa mikono ambayo haikumtoka hata akioga. Nilidhani ananilinda nisicheze. Lakini midomo yake ilitembea kila mwalimu alipotamka neno jipya, na tulipofika kwenye kugawanya aliweka sinia sakafuni akachukua kalamu. Aligawanya kwa namna ya kwao, namba kubwa kushoto, mstari wima, kigawanyo upande wa kulia na jibu likijengwa chini yake. Miss Harris alifanya kinyume, kigawanyo kushoto, na jibu likapanda juu kama mtu aliye darini. Majibu yalikuwa yale yale. Nilijifunza njia zote mbili, na mpaka leo, nikiwa peke yangu, hugawanya kwa njia ya mama.

Tulipoingia kwenye sehemu, nusu na robo na theluthi, alirudia maharage yake. Nilidhani amechoka.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Anti Njeri, ingawa hakukusudia. Alikuwa amesimama kwenye baraza lake, mama kwenye letu, wakizungumzia masomo ya watoto, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mji kama ilivyozoea miezi ile. Mama akasema mwaka huu umeliwa na ugonjwa, na kwamba kule kwao mtoto asiyeshika vizuri hurudia darasa, wala si aibu. Anti Njeri akacheka. "Huku hakuna kurepeat, Mama Neema. Ajue asijue, wanampush tu Year Five na wenzake."

Mama hakucheka. Usiku ule nilimsikia akiomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, na jina langu lilikuwamo.

Ikafika zamu yetu ya kuzungumza na mwalimu, dakika chache kwa kila mzazi, kwenye kompyuta. Shule ilitoa mkalimani wa simu. Mama alimkataa, kwa kuwa mwaka uliotangulia alipewa bwana mwenye Kiswahili cha pwani kilichonyooka mno, akasema ni kama kusomewa taarifa ya habari. Kwa hiyo nikatafsiri mimi. Alivaa kitenge chake cha kanisani, ambacho hakikuwa kimetoka kabatini tangu makanisa yafungwe, akajifunga kitambaa kichwani, akakaa mbele ya kamera kwa mara ya kwanza.

Miss Harris alieleza vizuri, na ninyi mlio wazazi huenda mmeelezwa maneno kama hayo. Mwaka wa nne ni daraja, alisema. Mtoto alikuwa akijifunza kusoma. Sasa anasoma ili ajifunze mambo mengine. Atazijua jedwali za kuzidisha bila kuhesabu vidole. Ataandika aya zenye kichwa na mkia. Atabishana zaidi nyumbani, atawasikiliza rafiki kuliko wazazi, na hilo lisiwatie hofu. Neema yuko vizuri. Nilitafsiri yote, hilo la mwisho nikilisema mara mbili.

Mwalimu akauliza kama mama ana swali. Mama akanigeukia.

"Umuambie madame, mi naomba urudilie mwaka ya ine."

Nilijiona nimesimama kwenye mstari wa watoto wadogo, nimewapita kwa kichwa, na Linh upande wa pili wa uwanja na watu wengine. Nilifikiria kusema jambo jingine kabisa, lakini neno la Kiingereza la kurudia mama alilijua sana. Vile vidude vya ghalani vilimwambia arudie kila jioni. Nikalisema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Miss Harris akauliza kama kuna jambo katika ufundishaji wake lisilomridhisha mama. Hapana, mama akasema, madame anafundisha vizuri, ila mwenda pole hajikwai. Methali hiyo ilinishinda. Nilimwambia mwalimu kwamba mama anapenda kutembea taratibu.

Akajibu kwa upole kwamba huku watoto husonga na rika lao, kwamba mapengo ya mwaka huu yatazibwa darasa lijalo, na kwamba kunirudisha kungeniumiza bure. Nilitafsiri haraka, nisije nikakosa nafasi. Mama alisikiliza huku akilainisha kitenge magotini. Kisha akauliza tena.

"Na mwaka ya tano, muzazi anakaa wapi?"

Mwalimu alitabasamu. Mzazi hahitaji kukaa tena, alisema. Amwache mtoto ajaribu peke yake. Amefika umri huo, na hiyo ndiyo raha ya mwaka wa nne kwa wazazi, wanaanza kupumzika. Nilimwambia mama yote, nami nikitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeokoka. Mama akasema, "Sawa. Merci, madame," akasimama kumuaga kwa heshima, kamera ikabaki na maua ya kitenge.

Shule zilifunguliwa, mwaka ukaisha, nikaingia wa tano na Linh. Mama hakukaa nami mezani tena. Aliuliza kutoka jikoni kama nimemaliza, nikajibu kwa Kiingereza kwamba tayari, na mazungumzo ya masomo yakaishia hapo. Wenzangu walipelekwa masomo ya ziada Jumamosi, wazazi wakiwasubiri nje ndani ya magari. Nilimwona mama amenichoka. Iliniuma kidogo, lakini pia ilinifaa, na mtoto hachungulii sana linalomfaa.

Miaka mingi ikapita. Nilikuwa chuo kikuu tayari siku tulipokuwa kwenye foleni ya samaki, barafu ikiyeyuka hadi kwenye viatu vyetu, nikamuuliza kwao Uvira alisoma hadi darasa gani. Mtashangaa sikuwahi kuuliza. Mtoto haulizi mzazi wake alifika wapi. Humwona amefika tu.

"Mwaka ya ine," akasema, macho kwenye samaki. "Hata haikuisha. Vita iliingia, masomo ikafungwa, mi sikurudi tena."

Alisema kama mtu anayetaja bei. Mimi nilishindwa kusogea, mpaka aliyekuwa nyuma yetu akanigusa kwa kikapu chake. Miaka yote ile nilidhani aliomba nirudishwe kwa sababu aliniona mzito wa kushika, na nilikuwa nimemsamehe kwa hilo, tena kwa kujivuna. Kumbe alikuwa akiomba mwaka mmoja zaidi wa kukaa karibu nami, mahali pa mwisho alipoweza kunisaidia. Nilimpenda sana pale, na nikaona haya.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Miss Harris hivyo hivyo. Mwalimu angeelewa.

Mama alimwonyesha muuzaji kwa kidole samaki aliyemtaka, kisha akanitazama.

"Na nani alikuwa anatafsiri?"