Mashini Sitini na Mbili

Watoto wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, walimwita Mwalimu Mawingu, naye hakukasirika, kwa sababu hawakumsingizia. Aboubacar alikuwa na tabia ya kukata sentensi katikati, chaki ikiwa hewani, akatazama nje ya dirisha kuelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na darasa zima likamsubiri kwa adabu mpaka arudi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alifundisha jiografia katika darasa la saba la shule ndogo ya mtaa, na alichokuwa akikiona kule nje mara nyingi hakikuwa milima.

Alikuwa akiona vioo. Vioo vidogo sitini na viwili, kimoja mbele ya kila mtoto, vikiwaka kwa mwanga mpole kama maji ya ziwa asubuhi kabla upepo haujayagusa. Ndani ya kila kioo dunia ilikuwa ikizunguka polepole, na mtoto aliweza kuisimamisha kwa kidole pale anapotaka.

Shule ilikuwa na atlasi moja. Aliiweka juu ya meza katikati ya darasa, watoto wakaizunguka kama wanaozunguka sinia ya wali, na waliochelewa wakabaki upande wa pili, ambako dunia nzima ilikuwa imepinduka. Sephora, binti mwenye miguu mirefu na kazi nyingi za asubuhi nyumbani, alichelewa kila siku. Katika mtihani alichora Afrika juu chini: Rasi ya Tumaini Jema juu, Mediterania chini, na Ziwa Tanganyika likiwa mahali pake barabara, ila kichwa chini miguu juu. Aboubacar aliitazama karatasi ile muda mrefu. Hapakuwa na kosa hata moja. Alimpa alama zote, kisha akakaa kwenye kiti chake na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani. Mtoto amejifunza dunia kutoka upande mbaya wa meza, na bado ameijua. Je, kama angekuwa na dunia yake mwenyewe mbele yake?

Tangu siku hiyo aliandika mpango. Daftari lilijaa: kompyuta ndogo moja kwa kila mwanafunzi, isiwe moja kwa wanne wala moja kwa wawili, paneli za jua juu ya paa kwa siku za umeme kukatika, walimu wafundishwe kwanza, mwezi mzima, kabla mtoto hajagusa kitu. Alituma nakala huku na huku, na baada ya miezi minane shirika moja likajibu. Lilikuwa tayari kuipa vifaa shule moja ya Bujumbura, darasa moja zima. Mwakilishi wao, bibi mmoja aliyeitwa Amélie, angekuja Ijumaa saa kumi kuchukua fomu zilizotiwa saini na wazazi wote. Fomu moja ikikosekana, vifaa vingekwenda kwenye shule nyingine iliyokuwa ikingoja zamu.

Mkurugenzi wa shule, Bwana Népomuscène, mtu mnene aliyeogopa barua zote zenye mhuri, alizitazama fomu zile za Kifaransa akatikisa kichwa.

"Wazazi hawatasoma hii. Waandikie barua ya Kiswahili, uibandike mbele. Iwe fupi."

Aboubacar aliiandika kwa nusu saa, moyo ukimwenda mbio. *Kuanzia muhula ujao, kila mwanafunzi wa darasa la saba atapewa mashini yake mwenyewe, ya kujifunzia shuleni na nyumbani. Mzazi asiyetaka mtoto wake abaki nyuma aweke saini.*

Mashini. Kule chuo kikuu, Mutanga Sud, na katika vyumba vya Kamenge alikopanga na wanafunzi wenzake, kompyuta haikuwa na jina jingine. Niazime mashini. Mashini yangu imekufa. Miaka minne alilisema neno hilo kila siku, na alipomaliza masomo akarudi nalo Buyenzi mfukoni, bila kulitazama tena.

Barua zilitoka Jumatatu. Kufikia Jumatano fomu zote sitini na mbili zilikuwa zimerudi, nyingine zina saini, nyingine alama ya dole gumba. Hata mzee Mohamadi, fundi wa pikipiki ambaye hakuwahi kusaini kitu cha shule bila kugomba, alisaini siku ile ile. Aboubacar alitembea mitaani kama mtu anayetembea juu ya godoro. Watu walimsalimia kuliko kawaida. Mafundi cherehani waliokaa barazani waliinua vichwa wakamtazama kwa namna ambayo hakuifahamu, nusu heshima, nusu wivu.

Kwenye kona alikutana na Orpha, mama yake Sephora. Mama huyo alikuwa ametoka Uvira na binti yake mgongoni, na tangu hapo alikuwa akiuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kwenye baraza la nyumba aliyopanga. Alimshika Aboubacar mikono miwili.

"Mwalimu, Mungu akubariki sana. Mi nimeshatoa meza ya ndagala pa baraza. Mahali iko tayari."

"Mahali pa nini, mama?"

"Pa mashini! Itakaa mu kivuli. Niambie tu kitu moja: itakuwa ya mukono ao ya miguu?"

Aboubacar alicheka kwa furaha. Alifikiri mama anatania.

"Ya mkono, mama. Tena ya vidole tu. Unagusa hivi, inakwenda."

"Ya vidole!" Orpha alifunika mdomo. "Kweli watu wamesoma."

Akaenda zake, na Aboubacar akaendelea kushuka hadi bandarini, si kwa sababu alikuwa na kazi huko, bali kwa sababu ndoto yake ilihitaji nafasi. Wapakizi walikuwa wakishusha shehena kutoka Kigoma. Alisimama pembeni, na kila boksi lililopita begani mwa mtu alilipa jina la mwanafunzi. Hili la Divin. Hili la Raihana. Hili, lililoshikwa vizuri, la Sephora.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu ya milima. Mke wake, Saliha, alikuwa barazani akishona sare za shule, mguu wake ukicheza juu ya kikanyagio.

"Mafundi wote wa mutaa wako wananiuliza," alisema bila kuinua macho. "Wanasema: bwana yako anatoa wapi mashini za kupea watoto, na sisi tunashona na mashini za babu zetu? Na miye, bibi yake, mbona hata sindano sikupata?"

"Mafundi gani?"

"Mafundi cherehani, Abou. Mafundi gani tena?" Mguu ukasimama. Saliha alimtazama, kisha akapiga kofi dogo juu ya kichwa cheusi cha cherehani iliyokuwa mbele yake. "Mu nyumba hii, mashini ni nini?"

Aboubacar aliitazama. Kila asubuhi ya ndoa yao alikuwa amesikia sentensi hiyo hiyo: sogeza mashini, funika mashini, mashini inataka mafuta. Aliisikia sasa kwa mara ya kwanza.

"Ya mukono ao ya miguu," alisema taratibu.

Saliha alianza kucheka. Alicheka mpaka akalala juu ya kitambaa cha sare, akafuta machozi kwa mkono wa shati lisilo na vifungo. "Wallahi, Mawingu! Umewagawia mutaa muzima cherehani!"

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi. Bwana Népomuscène alisikiliza, akafunga mlango, akakaa.

"Saini ni saini," alisema. "Kesho yule bibi anachukua karatasi. Vitu vikifika, tutawaelezea. Kompyuta ni bora kuliko cherehani. Umewadanganya kwa kitu kizuri zaidi, kosa liko wapi?"

Aboubacar alivuta fomu moja kutoka kwenye rundo, akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho, juu kidogo ya saini. *Lu et compris.*

"Hapa pameandikwa: nimesoma, nimeelewa. Hawakuelewa, Direkta. Hizi ni karatasi sitini na mbili za uongo, na mwenye uongo ni mimi."

"Ukiwaambia, tunakosa. Unajua hilo? Miezi minane yako yote."

Alilijua. Aliviona vile vioo vikizimika, kimoja kimoja, kuanzia safu ya nyuma. Lakini alijua pia kwamba hataweza kumfundisha mtu dunia ilivyo kwa kitu alichokipata kwa kumficha kuwa ni kitu gani. Akachukua rundo lote kwapani, akatoka, na kupitia kwa watoto akawaita wazazi waje Ijumaa saa tisa, baada ya swala na saa moja kabla ya mgeni.

Walijaa uwanjani. Aboubacar alipanda juu ya benchi akawaambia yote, bila kuzunguka: neno lake, kosa lake, na kwamba mashini aliyoahidi haishoni hata kifungo. Mzee Mohamadi akapasua kicheko kilichoruka ukuta wa shule.

"Mi nilimuuliza mutoto wangu, hiyo mashini, atafunga wapi uzi? Akaniambia: papa, haina uzi! Nikamupiga mudomo, nikasema unaniongopea!"

Uwanja mzima ukacheka, na kicheko kikafanya kazi ambayo hotuba isingefanya. Aboubacar alimrudishia kila mtu fomu yake ya kwanza, akampa nyingine isiyo na saini, akaeleza kompyuta ni nini na si nini, akajibu mpaka sauti ikakauka. Baadhi walisaini upya wakiguna, baadhi wakitania. Saa kumi ilipogonga na Amélie akaingia langoni, mwembamba, na mkoba wa ngozi, fomu mpya sitini na moja zilikuwa mezani.

Orpha alikuwa amekaa kwenye ngazi, fomu mpya mkononi, haijaguswa.

"We mama Sephora, saini basi!" mtu alipiga kelele. "Utaangusha watoto wote?"

"Saini, mama! Meza ya ndagala utairudisha!"

"Mwacheni!" Aboubacar alisema, kwa ukali uliomshtua hata mwenyewe. "Amesikia sawa na ninyi. Akisema hapana, ni hapana, na hakuna atakayemnyooshea kidole. Wa kunyooshewa ni mimi."

Bwana Népomuscène alifumba macho. Amélie alibaki pale langoni.

Orpha aliinuka akaja mbele ya meza.

"Sephora akikaa pa cherehani," alisema, "mwaka ujao anashona nguo. Mutu anavaa, anapita mu njia, mi naiona kwa macho yangu. Hiyo yenu, mi nitaona nini?"

Aboubacar alimgeukia. Maneno yote ya daftari yalikuwepo, mwanga, maji, dunia inayozunguka, lakini akayaacha yote.

"Sijui, mama," alisema. "Ninachokiona mimi nakijua. Utakachokiona wewe sikijui. Sikuwahi kukuuliza."

Orpha akaiweka fomu mezani, upande wa nyuma ulio mtupu ukiwa juu.

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Si we ndiye mwalimu? Andika: kila Jumamosi, mama naye anakuja. Anakaa pembeni ya mutoto, anaonyeshwa. Kiti ikiwepo, isipokuwepo. Mi sitaki kitu ya mutoto wangu niwe naiona kwa muliango."

Aliandika. Alimsomea mara mbili, na mara ya pili Orpha alimsahihisha neno moja. Halafu akaigeuza fomu, akaandika jina lake polepole, herufi tano, kila moja imesimama peke yake.

Amélie alikusanya fomu, akazihesabu kwa kidole. "Sitini na mbili," alisema kwa Kiswahili cha taratibu. "Zimetimia." Bwana Népomuscène akapumua kwa sauti, akatoa kitambaa akajifuta shingo, na Amélie akafungua mkoba wake.

"Ngoja, ngoja!" Ilikuwa sauti ya mzee Mohamadi. "Kumbe mutu anaweza kuandika nyuma? Yangu iko wapi? Niletee yangu!"

"Mzee, umeshasaini," mkurugenzi alinong'ona.

"Nimesaini mbele, nyuma sikusaini! Andika, Mawingu. Hiyo mashini ikikufa, nani anaifungua? Tungoje mutu atoke Ulaya na bisibisi? Andika: mafundi wa Buyenzi wafundishwe kuifungua."

"Na mvua!" alisema mama mwingine, akisukuma kupita. "Watoto wanabebea vitabu mu mifuko ya plastiki, mashini italowana. Andika mvua!"

"Na mi pia, yangu hiyo, ya chini kabisa!"

Mikono ikaingia kwenye rundo. Fomu zilizokuwa zimenyooka zikatawanyika mezani, zikageuzwa migongo, na Aboubacar, ambaye miezi minane aliubeba mpango ule peke yake, akainama na kalamu akauliza jina la kwanza, kisha la pili, asiinue macho hata mara moja kuelekea milimani. Wino ulipokwisha, Saliha alimpa kalamu nyingine juu ya vichwa vya watu.

Amélie alitazama saa yake, akatazama foleni iliyofika langoni, kisha akavuta benchi, akakaa.