Kichuguu Nilichosema Hakina Mwenyewe

Mjomba wangu wa Arua alikuwa na mbwa aliyeogopa mvua. Si mvua yenyewe, kelele yake. Mjomba alikuwa ameezeka bati, la kwanza upande ule wa chini ya kilima, na watu walikuja kulitazama tu. Sisi watoto tukipiga sufuria kwa vidole, tarara tarara, mbwa anakimbilia chini ya ghala, na huku jua linawaka. Tulicheka mpaka mjomba akatuchapa. Baadaye mbwa aliumwa na nyoka akafa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nilimkumbuka mbwa huyo nikiwa darasa la tatu huko Lurujo, Wahindi wenye maduka wamekwisha kuondoka Arua na sabuni imeanza kuadimika. Darasa hilo ndilo la mwisho kwangu, kwa hiyo msiniulize hesabu.

Mwalimu wetu alitoka upande wa Kongo. Hakujua Kikakwa chetu, akatufundisha kwa Kiswahili. Ukimwuliza kitu hakujibu. Alisema, "Wewe unaonaje?" Kisha, "Sasa tutajuaje?" Walimu wengine walituchapa kwa kuuliza, huyu alikusumbua usipouliza.

Siku moja nikauliza kwa nini kumbikumbi hutoka tukipiga vijiti juu ya kichuguu. Nikasimulia habari za mbwa. Akafurahi sana.

"Labda wanasikia mvua. Tutajuaje?"

Msichana wa mbele akasema tutafute vichuguu viwili, kimoja kipigwe, kingine kiachwe.

"Nani iko na kichuguu?" mwalimu akauliza.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama shamba, mtu hukirithi kwa baba yake. Nikatoa cha mama. Cha pili nikasema kiko karibu na kijito, hakina mwenyewe.

Kilikuwa naye. Mzee mmoja, na mwanawe alikuwa askari kambini Koboko. Kesho yake asubuhi nilitangulia peke yangu, nikafungua fundo la nyasi alilofunga pale kuonyesha ni chake, nikalitupa majini. Kwa nini? Nilitaka mwalimu aendelee kufurahi nami.

Tukapiga cha kijitoni. Kumbikumbi wakatoka kama moshi, na cha mama kimya kabisa. Watoto wanaruka, wanawatia mdomoni na mabawa yao. Mwalimu naye anaruka. Ndipo mzee akatokea.

"Nani amesema mupige hapa?"

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Ni mimi, mzee," mwalimu akasema. "Nilitaka watoto waone."

"Wewe mutu ya kuuliza-uliza! Mutoto yangu iko na gari. Atakuja, na yeye akuulize."

"Hawa wote ni wako, mzee. Chukua."

"Kula! Kula wewe, ushibe kabisa."

Siku zile mtu akichukuliwa na gari la askari, hata jina lake hamlitaji tena. Siku tatu chakula kilinishinda. Kila injini ya njia ya Koboko ilinitoa nje kutazama, na nyingi zilikuwa za malori ya tumbaku. Mama alidhani ni minyoo, akanipa dawa chungu, nami nikainywa nikijua si minyoo.

Siku ya nne mwalimu akasimama mbele yetu kama kawaida, ila shati halikuwa limepigwa pasi.

"Kile kimoja hatukukipiga, na hawakutoka. Munaonaje?"

Hakuna mkono, hata wa yule msichana. Tuliogopa kumwongezea matatizo. Akangoja. Mbali, gari likaanza kupanda njia ya Koboko. Nikanyoosha mkono. Jibu la kumbikumbi sikuwa nalo; nilitaka kusema lile fundo la nyasi.

"Wewe, ngoja kidogo," akasema.

Akaweka chaki mezani taratibu, akapangusa vidole kwenye suruali, akatoka. Dirishani tulimwona akipita kati ya mihogo, hakimbii, anaelekea mpakani, upande wa Kongo. Gari likapita. Lilikuwa la tumbaku. Mkono wangu ulikuwa bado juu, nikangoja nao mpaka kengele. Hakurudi.