Baba Alitaka Kushuka Tukiwa Hewani

Gari la waya lilikuwa limekwama likining'inia hewani, juu kabisa ya mto Mtkvari, na baba yangu alikuwa ameshika mlango anataka kushuka.

Sitanii.

Naitwa Nato. Yalitukuta hapahapa mjini Tbilisi tukipanda kwenda ngome ya Narikala: mimi, mdogo wangu Tekle, baba yetu Zaur, na mama yetu Tsiala.

Mama alikuwa ndiyo kwanza ametua kutoka Italia. Miaka kumi na moja alikuwa Bari, akimtunza bibi kizee mmoja. Jasho lake ndilo lililotusomesha. Sisi sura yake tuliizoea kwenye simu tu.

Tangu afike hakutulia kabisa. Anafuta meza ambayo ameshaifuta. Anakaa, anainuka. Simu haitoki mkononi.

Baba naye alikuwa anachemka kimyakimya.

"Mama yenu kaja mwili tu," aliniambia jikoni. "Roho kaiacha huko."

Halafu mama mwenyewe akasema, "Kesho twendeni Narikala wote. Nina neno nataka kuwaambia."

Neno! Baba hakupata usingizi.

Kesho yake palikuwa na upepo. Tulipofika katikati gari likasimama, likaanza kuyumba. Sakafu ni kioo, chini unauona mto na maji yake ya tope. Tekle kanikumbatia, ananibana mbavu.

Simu ya mama ikaita papo hapo.

Akapokea. Kitaliano kitupu. Sauti laini, ya kubembeleza. Mara anacheka, mara anafuta machozi. "Amore," anasema. "Amore mio." Mpenzi wangu! Hilo hata asiyejua Kitaliano analijua.

Nikajua leo kimeumana.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Zaur, subiri kidogo."

"Nimesubiri miaka kumi na moja! Unaongea na bwana wako mbele ya wanangu? Haya, sema hilo neno lako. Unatuacha, si ndiyo?"

"Kaa chini, unatuyumbisha."

"Sikai! Bora nishuke!" Akaukamata mlango.

"Unashukia wapi, baba? Kwa samaki?" Tekle akafoka huku analia.

Mama aliigeuza simu, akamwekea baba usoni.

Alikuwa yule bibi kizee wa Bari. Yuko kitandani, kibogoyo, nywele za kuhesabu. Alimkazia baba macho, kisha akasema kwa Kigeorgia cha kuokoteza:

"Zaur! Wewe Zaur? Mwambie Tsiala arudi nyumbani. Mimi sili."

Baba akauachia mlango.

"Nani kamfundisha lugha yetu?" akauliza.

"Mimi. Jioni za kule ni ndefu."

Mama akazima simu. Ndipo akalitoa lile neno.

"Nimerudi moja kwa moja, Zaur. Nilitaka nikwambie kule juu, pale uliponichumbia. Yeye nimemdanganya kwamba nakuja kutembea tu. Sasa anakataa chakula cha kila mtu."

Gari likashtuka, likaendelea kupanda.

Tulifika ngomeni na hakuna aliyeangalia mji. Baba alikwenda ukutani peke yake, akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Mama akamfuata.

"Mama yako alikufa namwangalia kwenye simu," nilimsikia akisema. "Huyu nimemwogesha kwa mikono yangu kila siku. Sina bwana, Zaur. Nimechoka tu kugawanyika."

Baba akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Mkidhani mama alibaki, mmekosea. Alirudi Bari wiki iliyofuata.

Na baba akapanda naye ndege.

Baba huyuhuyu, asiyejua hata kuchemsha yai! Tekle akawa anatumiwa picha: baba na kijiko, bibi kafungua mdomo. Majira ya kuchipua bibi alipofariki, baba na mama ndio waliomzika, ndipo wakarudi nyumbani.

Ndugu yangu, mtu wako akikosa utulivu, muulize. Lakini uliza kama mtu anayetaka jibu, siyo kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu.