Ile Ndoo ya Maji ya Moto

Nakumbuka asubuhi moja Kariakoo, mwanangu, maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa. Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira sijapata, nikimsaidia Bi Mwanaidi kuuza kanga dukani kwake. Unanijua mama yako mdogo: mtu akinijibu "poa" kwa mkato, nawaza hadi jioni nimemkosea nini.

Rehema, muuzaji mwenzangu, alifika amejitanda kanga hadi shingoni. Akakaa juu ya robota la vitambaa, akatuambia kwa sauti ndogo kwamba jana jioni, alipokwenda kuchukua mzigo, msimamizi wa stoo alimbaka.

Mama Asha, muuza chapati wa pale mlangoni, alisikia. Kwetu mtu akipatwa na jambo zito, kitu cha kwanza ni kumwogesha. Akaja na ndoo ya maji ya moto na sabuni. "Njoo mama, ujitoe uchafu wa yule mshenzi." Rehema akainuka.

"Mama Asha, weka chini hiyo ndoo," alisema Bi Mwanaidi. "Una huruma, lakini utaosha na ushahidi." Akamgeukia Rehema. "Nakuamini. Kosa si lako. Ukitaka, twende hospitali sasa hivi, na nguo hizohizo. Uamuzi ni wako."

"Watu watanicheka, Bi Mkubwa."

"Atakayekucheka akatafute duka jingine. Hapa hauziwi hata leso."

Rehema akatabasamu huku analia.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Nimkumbatie? Asije akashtuka. Nikinyamaza, si ataona namlaumu? Bi Mwanaidi akaniona. "Wewe msomi, utamaliza kuwaza lini? Muulize mwenyewe."

Nikamuuliza, "Nikushike mkono?" Akaninyooshea. Sikuuachia mpaka mlangoni kwa daktari.

Alipimwa, akapewa dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi, kisha tukaenda naye dawati la jinsia, polisi. Ndugu wa yule mtu walikuja dukani kuomba yaishe kifamilia. Rehema mwenyewe aliwakatalia. Kesi ilichukua muda, lakini yule mtu alifungwa. Siku hizi Rehema ana duka lake Magomeni, na kicheko chake unakisikia kabla hujavuka barabara.

Sasa nawe unaanza kazi mjini. Yasikukute. Lakini yakikukuta wewe au mwenzako, usioge, usifue nguo, wahi hospitali. Dawa za kinga zinatakiwa zianze ndani ya siku tatu, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Hata kama umeshaoga, hata kama siku zimepita, nenda tu, msaada upo. Mwenzako usimuulize alivaa nini au alifuata nini kule. Mwambie unamwamini, muulize anataka nini, kisha kaa naye. Maneno mazuri yatakuja yenyewe, na yasipokuja si kitu.

Mungu akulinde, mwanangu. Popote utakapoingia ukiwa umeelemewa, akukutanishe na mtu wa kukuamini kabla hujamaliza kusema.