Midomo Miwili ya Mashine ya Kahawa

Ukiniuliza kwa nini mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi, tena aliyekulia uji na maziwa mgando, alinunua mashine ya espreso, nitakujibu kwa ukali kwanza, kufikiri baadaye. Niliinunua kwa ajili ya kaka yangu. Kaka yangu alikuwa hali chakula kwangu.

Miaka sita! Alikula samaki hapa nyumbani, akarudi kwake Zagayu, akatapika siku tatu mfululizo. Wifi yangu ndiye aliyekuja kuninong'oneza kwamba walikwenda kwa mganga, na mganga akasema ubaya umetoka kwa mtu wa damu yake. Basi, ikaishia hapo. Hakuna aliyenishtaki wala kuniitia kikao. Kaka aliendelea kuja, anasalimia vizuri, anauliza habari za shule, lakini nikileta maji ya kunawa anasema, "Nimeshiba." Saa tatu asubuhi, mtu katoka Zagayu na pikipiki, kashiba! Angenitukana ningejua pa kuanzia. Sasa mtu aliyeshiba utagombana naye vipi? Nilikuwa naumia.

Mwaka jana mtoto wake alimaliza chuo Mwanza, tukaenda wote. Pale hotelini akaletewa kikombe cha kahawa kidogo kama cha kuchezea watoto. Akanywa. Wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine. "Mdogo wangu, ile kitu inakuamsha mpaka visigino." Mimi nilisikia jambo moja tu: kumbe kuna kitu anakitamani.

Likizo ilipofika nikapanda basi kwenda Mwanza na akiba yangu. Muuzaji alinipanga mbele ya mashine nne, akaanza: hii bar kumi na tano, ile bar ishirini, hii ya vidonge vya kahawa, ile ya kuvuta kwa mkono. Nikamuuliza bar ni nini.

"Ni nguvu ya kusukuma maji, mama."

"Kikombe chenyewe hiki! Nguvu yote hiyo ya nini?"

Alicheka tu. Ya vidonge nikamuuliza vikiisha napata wapi, akasema narudi Mwanza. Nikaikataa hapohapo. Mwishowe nilichukua ile yenye vitufe vichache kuliko zote, na sababu nyingine sina. Nilirudi na boksi mapajani, na tulipofika Nyashimo, bado tuko njiani, nilikuwa tayari najiuliza nimefanya nini.

Nyumbani ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Buni nilinunua zimeshakaangwa, nikazitwanga kwenye kinu. Maji yakapita humo kama hayajaona kitu, yakatoka chai ya rangi. Nikazipeleka sokoni kwenye mashine ya viungo. Zikarudi laini kama vumbi, ila mashine ilikuwa imetoka kusaga pilipili. Nilipiga chafya mpaka machozi. Nikarudi tena, safari hii nikasimama pale mpaka waisafishe.

Kitabu cha maelezo kilisema ule unga uugandamize kwenye kikombe cha chuma chenye mpini. Kugandamiza nakujua. Tukiwa wadogo baba alikuwa anatutumbukiza mimi na kaka ndani ya gunia la pamba tushindilie kwa miguu, na gunia likibaki laini mnarudishwa ndani. Basi nikashindilia kahawa kwa kiwiko. Mashine ikaguna, ikatetemeka, isitoe hata tone. Nikapunguza nguvu, ikatoa kitu kichachu. Nikaongeza kidogo, ikatoa kitu kichungu. Kipi kilikuwa sahihi? Sijui mpaka leo.

Na kilichonikera zaidi ni ule mpini kuwa na midomo miwili chini. Kahawa yenyewe ni kijiko, halafu inagawanyika! Nikiweka kikombe kimoja, nusu inamwagika. Nikawa naweka viwili, halafu nakimimina kimoja ndani ya kingine huku nasonya.

Lakini usingizi wangu ulikatwa na jambo jingine. Kwetu, anayempa mtu kinywaji anatangulia kuonja mbele yake, mgeni aone hakuna kitu. Kwa kaka hilo nisingeweza kuliruka. Sasa kahawa yote ni mafunda mawili. Nikionja, yeye anabaki na nini?

Alikuja Jumamosi asubuhi.

"Mwangaluka," akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, kaka. Karibu."

"Mimi nimeshiba."

"Sijakuuliza!" nikamwambia, nikaingia jikoni kwa hasira.

Nikawasha mashine. Iliponguruma akaja kusimama mlangoni, shingo mbele. Kahawa ikaanza kushuka, nyuzi mbili nyeusi kutoka mpini mmoja, kwenye vikombe viwili. Yeye alikuwa anaangalia kuliko mimi. Safari hii sikuvimimina pamoja. Nilichukua kimoja, nikakibakiza kingine mezani mbele yake, nikanywa funda. Chungu! Uso ukanikunjamana.

Kaka akanyoosha mkono, akakipita kikombe chake, akaninyang'anya changu mdomoni na kumalizia kilichobaki.

Hii ni kuniamini, au ni kukiogopa kile kingine?

"Chako kile pale," nikamwambia.

"Nimekiona."

Akakichukua na chenyewe, akakinywa chote mara moja. Akalamba mdomo.

Mimi hapo uvumilivu ukaniishia. "Kaka, miaka yote hii ulidhani nimekuwekea nini?"

Akakizungusha kikombe kitupu. Nilijuta kuuliza. Halafu akasema, "Sijui. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikawa nimezoea kusema nimeshiba, nikaona haya kuacha."

Sikujua nilie au nimpige na taulo la jikoni. Haya! Miaka sita ya maisha yangu, mtu kaona haya!

"Sasa," akasema, anaangaza macho jikoni, "hapa kwako siku hizi hamli? Njaa inaniuma."

Nikageukia jiko. Lilikuwa baridi. Wiki nzima nilihangaika na kahawa, na siku hiyo, kama siku zote alizokuja, sikuwa nimeinjika hata maji ya ugali, kwa sababu kaka yangu huwa ameshiba.

"Nitachelewa," nikamwambia. "Sina kilicho tayari."

Akavuta kigoda, akakaa papo hapo jikoni, akasubiri.