Kindoo Kilichorudi Kimeoshwa

Ukitoka bariyeri ndogo ya mpakani, ile ambayo watu huvuka kwa miguu kwenda Goma na kurudi, ukapanda kidogo na kukiacha kituo cha pikipiki nyuma yako, unaingia kwenye barabara ya maduka nilikokulia. Siku hizi ina lami, na baadhi ya maduka yana milango ya vioo. Nilipokuwa mtoto ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, na mvua ikianza wauza viatu walikimbizana na mali yao. Kulikuwa na duka la vitenge, mama mmoja fundi cherehani, kinyozi, na kati ya hao wawili wa mwisho, duka la maziwa la mama yangu.

Kama hujawahi kukaa ndani ya duka la maziwa la huku kwetu, nikueleze, si jambo gumu. Kuna benchi ukutani, bilauri ndefu, chapati zilizofunikwa kitambaa, na madebe ya maziwa yanayoshuka asubuhi kutoka Mudende. Mengine huchemshwa na kuuzwa ya moto. Mengine huachwa yagande mpaka yawe ikivuguto, mazito na machachu. Watu huingia, hunywa, huondoka. Wanaobaki ni wale wenye la kusema.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mama alijaza kindoo kimoja cheupe chenye kifuniko. Kilikuwa cha dada yake, mama mkubwa wangu, mjane aliyeishi peke yake upande wa Goma. Kilivushwa na baba mmoja asiyeweza kutembea, aliyebeba mizigo ya watu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono. Sisi baiskeli tunaita kinga, basi yeye alikuwa baba wa kinga. Jioni alikirudisha.

Sasa, hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata. Nyumbani kwa bibi yangu, walikolelewa mama na dada yake, chombo kilicholeta maziwa hakikurudi kitupu. Mama mkubwa alitia chochote: maharagwe kidogo, kipande cha sabuni, mara nyingi limau, kwa sababu alikuwa na mlimau uani. Na hakikurudi kimeoshwa. Kilirudi na utando wa maziwa pembeni, kikinuka. Kukiosha ni kazi ya mwenyewe. Ukimwoshea ni kama umemwambia inatosha, usilete tena.

Mwaka ule vita vilisogea karibu na Goma. Nilivijua kwanza kwa bilauri. Zilikuwa zimepangwa juu ya rafu, zikaanza kugongana zenyewe, taratibu, kama meno ya mtu mwenye baridi. Mama alizishusha zote, akazilaza sakafuni juu ya gunia, akaendelea kuuza.

Jioni hiyo baba wa kinga alivuka katikati ya watu waliobeba magodoro. Alikuwa na kindoo mapajani. Mama alikipokea, akafungua kifuniko. Nilichungulia. Kilikuwa kitupu, na kimesuguliwa kikang'aa.

"Nani amekupa hii?" mama aliuliza.

"Mutoto. Pale mulango ya uzio. Amesema tu, 'iko hii.'"

"Na Yaya? Haukumuona?" Yaya ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa.

"Mama, watu walikuwa wananisukuma. Ningesimama, wangenipindua na kinga yangu."

Kesho yake bariyeri ilifungwa. Simu ya mama mkubwa haikupatikana. Upande ule hata umeme ulikatika. Kwa hiyo tulichokuwa nacho ni kile kindoo tu, na kila mtu mtaani alikuja kukitazama kama kwamba kingesema.

Kinyozi, ambaye hakuweza kuona watu wamenuna bila kujaribu kuwachekesha, alisema, "Pengine Yaya amepata sabuni ya bure. Iko watu wa misaada kule."

"We, kata nywele na unyamaze," mama fundi cherehani alimjibu.

Lakini naye aliponyanyuka alimnong'oneza mama pale mlangoni, nikasikia: "Labda amekukasirikia. Si mlibishana juu ya kuhamia huku?"

Ni kweli walibishana. Mama alitaka dada yake ahamie kwetu, naye alikataa kuacha nyumba na mlimau wake. Mama alitikisa kichwa.

"Yaya akikasirika anatia pilipili," alisema. "Hawezi kuosha. Hii imeoshwa na mutu mwingine. Na kama ni mutu mwingine ndiye anaosha vyombo vya Yaya..."

Nilikuwa mdogo, lakini nilijua ni lini wageni huosha vyombo vya nyumba ya mtu. Wakati wa msiba.

Bariyeri ilipofunguliwa tena, baba wa kinga alikwenda. Alikuta uzio umefungwa kwa mnyororo, na nyumba ya jirani nayo haina mtu. Alituambia hivyo akiwa ameinamisha uso, akizungushazungusha mpini wa kinga yake bila kwenda popote.

Mama hakulia. Alichofanya kilikuwa kigumu zaidi kukitazama. Aliendelea kujaza kile kindoo kila asubuhi na kukiweka mahali pake karibu na mlango. Baba wa kinga alipita, akakitazama, akapita. Jioni maziwa yalikuwa yameanza kuganda, na mama hakuruhusu yauzwe. Tuliyanywa sisi. Nilikuwa napenda ikivuguto kuliko chakula chochote, lakini siku zile sikumaliza bilauri. Nilihisi ninakunywa maziwa ya mtu ambaye hakuna aliyethubutu kusema yuko wapi.

Mwanamke mmoja aliingia dukani asubuhi moja ya mvua, viatu mkononi. Alisema yeye ni jirani wa mama mkubwa, nyumba ya upande wa mlimau. Hakuwa mtu wa huku. Kiswahili chake kilitoka mbali zaidi, upande wa mto mkubwa. Mama alimpa bilauri, akangoja anywe.

"Yaya yenu alitoka siku ile ya mabomu," mwanamke alisema. "Alifuata watu walikimbia kwa njia ya Sake. Aliniachia ile kindoo, akasema, 'Kinga ikipita, mupatie.' Bon, nikamutuma mutoto wangu, kisha na sisi tukakimbia."

"Alikuwa muzima?"

"Muzima kabisa! Amebeba mufuko kwa kichwa, anagombeza kila mutu."

Mama alishika ukingo wa meza. "Basi kindoo kilioshwa na nani?"

"Ni mimi." Mwanamke alitabasamu, akijua amefanya vizuri. "Kwetu mutu hawezi kurudisha chombo ya mutu na uchafu. Ni haya. Ilikuwa na malimau mbili ndani, nikasema amesahau. Mutoto alikuwa anakohoa, nikamupa."

Hapo ndipo mama alilia. Mwanamke yule alishtuka, akaanza kuomba msamaha kwa ajili ya malimau, akaahidi kuyalipa. Mama alimshika mkono, akacheka huku machozi yanatiririka, hakuweza kumweleza. Mimi ndiye niliyemweleza, mwanzo hadi mwisho, kama ninavyokueleza wewe. Alijifunika uso kwa kitenge.

Alipoondoka mama alimkabidhi kindoo kilichojaa. "Maziwa munywe. Kindoo, Yaya akirudi, mupatie. Na tafadhali, usioshe."

Kutoka hapo tulianza kungoja kwa namna nyingine. Alikuwa hai siku ile, lakini siku ile ilikuwa imeshapita zamani. Njia ya Sake ni ndefu.

Mvua zilikuwa zimekwisha alipotokea mama mkubwa mwenyewe, anapanda barabara kati ya maduka, amekonda, anachechemea. Kindoo kilikuwa mkononi. Kinyozi alitoka na mkasi wake, mama fundi cherehani alisimama na nguo ya mteja begani. Mama alibaki mlangoni.

"Yaya, umechelewesha chombo yangu."

"Niliambiwa nisioshe," mama mkubwa alijibu. "Fungua. Iko limau moja. Zingine waliiba."

Alikaa kwetu siku chache, kisha akarudi kwenye nyumba yake. Mama alimsihi, hakusikia. Maziwa yakaanza kuvuka tena.

Ila tangu hapo mama hakupokea kile kindoo kama zamani. Zamani alikiweka chini bila kukitazama. Sasa alikifungua palepale, mbele ya baba wa kinga, akainamisha pua ndani, na akisikia harufu ya maziwa mabega yake yakashuka. Siku hizi duka ni langu. Mama mkubwa amezeeka, bado yuko ng'ambo na mlimau wake, na juzi bilauri ziligongana tena rafuni. Jioni kindoo kiliporudi nilijikuta nimesimama mlangoni, kifuniko mkononi, ninanusa.