Sakafu Nyekundu

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu, hadi leo wivu unanikaba. Jirani zetu Nachingwea waliishi kwenye nyumba waliyoiacha Wazungu waliokuja kulima karanga. Sakafu ilikuwa nyekundu, inang'aa, na sebuleni palikuwa na mahali pa kuotea moto, ambapo wao walipanga magunia ya korosho. Binti yao, rika langu, alinizuia mlangoni.

"Vua ndala. Hapa siyo kwenu kwenye udongo."

Nyumbani nilimkuta mama anasiriba sakafu yetu kwa udongo. Nikaikanyaga mbichi vilevile na ndala zangu, makusudi.

"Una nini wewe?" mama akauliza.

Juzi nilipita kwenye ile nyumba ya jirani. Paa limeng'olewa, mbuzi wamelala sebuleni. Nilivua viatu, ndipo nikaingia.